Upande Uliochanika

Makasi yalikuwa yangu, na niseme mapema kwamba nilipenda sana yawe yangu. Katika kikundi chetu cha kushona pale Kamembe tulikuwa wanawake kumi na wawili. Wengine walishona kwa mkono, wawili walikaa kwenye mashini, mmoja alipiga pasi ya mkaa. Kukata ilikuwa kazi yangu, na mtu akigusa makasi yangu alinisikia. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, wazazi wangu walikimbilia kule tukiwa hatujazaliwa. Kule muntu akikukosea unapiga kelele mpaka jirani atoke nje na mwiko mkononi aulize kuna nini. Nilipokuja Rwanda baada ya mauaji ya kimbari nilikuja na tabia hiyo hiyo, pamoja na magodoro, sufuria na mashini ya kushona, vyote juu ya lori moja.

Katika kikundi alikuwepo mwanamke mwingine ambaye alirudi kwa miguu. Alikimbilia Kongo wakati sisi tunaingia, akakaa kambini miaka miwili, na kambi zilipovunjwa kwa vita akapotelea msituni pamoja na maelfu ya wengine. Alitokea daraja la Rusizi miezi mingi baadaye, peke yake, miguu imevimba. Hatukuzungumza kamwe habari za nani alirudi vipi. Lakini kila mtu alijua. Tuliorudi na gari tulikaa karibu na dirisha, penye mwanga wa kutungia uzi, na hakuna aliyetupangia. Yeye alikaa karibu na mlango.

Tulikuwa tunashona blanketi za vipande kwa ajili ya wodi ya wazazi kule Gihundwe. Wakati ule mwanamke aliweza kuja kutoka Gikundamvura na uchungu, akajifungua, akarudi na mtoto amefungwa kwenye sweta ya baba yake. Mafundi wa sokoni, wengi wao Waislamu wenye duka moja baba na mwana, walituwekea mabaki ya vitambaa. Mabaki hayo yalikuja yamefungwa ndani ya kikwembe cha zamani, yaani kitenge cha kujifunga, fundo moja juu, na kikwembe chenyewe kilikuwa sehemu ya msaada. Hakuna fundi aliyewahi kukidai. Basi sheria yetu ikawa hiyo: kilichofika mezani ni cha makasi.

Aliyetufundisha kazi ile alikuwa masera, mtawa mmoja mzungu, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuhesabu vidole. Ndiye aliyeleta wazo la shindano. Alisema kwao wanawake wanaoshona pamoja hupewa wote kitambaa kimoja, kila mtu kipande chake, na kila mmoja anashona blanketi kwa kichwa chake mwenyewe, ila kipande kile lazima kionekane. Kisha blanketi zote zinatundikwa na moja inachaguliwa. Zawadi ilikuwa makasi mapya, ya chuma kizito, bado yamo ndani ya karatasi yake. Mungu anisamehe, niliyatamani kuliko kitu chochote nilichokiona mwaka ule.

Siku ya kuchagua kitambaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Yule mwanamke wa mlangoni ndiye aliyekuwa ametumwa sokoni kukusanya mabaki. Aliingia amelowa, akaweka furushi mezani, akatoka tena kunawa matope ya miguu kwenye bomba la nyuma. Nilifungua fundo. Mabaki yalikuwa ya kawaida, lakini kile kikwembe kilichoyafunga, weee! Kilikuwa cha buluu, na ndege wa manjano wenye mikia mirefu, na kilikuwa kimefuliwa mara nyingi mpaka kikawa laini, kinamwagika mkononi. Kwa ngozi ya mtoto aliyezaliwa leo huwezi kupata bora. Kilikuwa nusu tu ya kikwembe. Upande mmoja ulikuwa umechanika vibaya, upogo kabisa, mahali pamoja umeruka na kukata ndege katikati. Fundi yeyote ataelewa nilichofanya. Kwanza nikasawazisha. Nikaondoa ule upande uliochanika, ukanda wa upana wa vidole vitatu, nikautupa kwenye mfuko wa mabaki madogo tuliyojazia mito. Kisha nikakunja na kukata miraba kumi na miwili.

Alipoingia na miguu misafi nilikuwa kwenye mraba wa tisa. Alisimama. Nilimwona amesimama, kwa hiyo siwezi kusema sikumwona.

“Asante, Maman,” nikamwambia kwa furaha. “Hii kikwembe umeleta ni laini sana. Batoto batalala muzuri.”

“Ndiyo,” akasema.

Akaenda kukaa pale mlangoni. Nilipogawa vipande, chake alikipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa heshima, akakiweka mapajani, akakipapasa kwa kidole gumba. Mimi niliona mwanamke mnyamavu anayependa kitambaa. Kwetu Bukavu kunyamaza ni kukubali. Huku kunyamaza ni kunyamaza tu, na ndani yake muntu anaweza kuwa anazama. Sikujua hivyo. Nilikuwa nimekaa Rwanda miaka sita na bado nilikuwa mgeni, mgeni mwenye makasi.

Nilishinda mimi. Nilikuwa nimeweka ndege wangu katikati na kuwazungushia vipande vyekundu, vidogo kama kucha. Masera alinipigia makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na yeye pia alipiga makofi pale mlangoni. Blanketi zote kumi na mbili zilipelekwa hospitali juma lile lile. Masera alirudi kwao mwezi uliofuata kwa sababu ya maradhi ya kifua.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja, nikiwa napepeta mchele, nilimwona kwenye ua wangu. Hakuwahi kufika kwangu. Nilimkaribisha ndani akakataa, akabaki amesimama penye ngazi, ameshika picha ndogo. Ilikuwa picha ya msichana wa miaka sita hivi, nywele zimenyolewa, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Kifuani ameshika kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha ndege wa manjano.

“Maman,” akaniambia, “ile nguo yangu, mulizipeleka wapi zile blanketi?”

Ndipo akanieleza, kwa sauti ile ile ya chini, bila kulia. Msituni, siku kambi ilipovunjika, alichana kikwembe chake kwa meno. Nusu moja alimfungia mtoto wake mgongoni mwa dada yake, nusu nyingine akafungia sufuria na unga, ili wagawane mzigo. Mtoto alikuwa hajafika miaka miwili. Risasi zilipolia watu walitawanyika, na tangu hapo hakumwona tena dada wala mtoto. Yeye alibaki na nusu ya sufuria, ndiyo aliyofungia mabaki siku ile ya mvua ili yasilowe. Kwa wale wanaotafuta watoto waliopotea, wanaobandika picha kwenye mbao, aliandikisha jambo moja tu: nina nusu ya kikwembe, na mahali nilipokichana nitapajua. Sasa walikuwa wamepata mtoto katika kituo kimoja Bukavu. Walimwambia, njoo baada ya juma moja, na nusu yako.

Nilipiga kelele. Ndiyo, mimi ndiye niliyepiga kelele. “Sasa wewe kwa nini haukusema? Ulinitazama nakata! Ungesema tu acha, neno moja, ningeacha!”

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

“Mi nilirudi na miguu, Maman,” akasema. “Ningesema kwa nani?”

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi, ungo mikononi. Sijawahi kupigwa kofi lililoniumiza kama maneno yale, na hakuyasema kwa hasira. Alikuwa ananijibu tu.

Siku ile ile tulikwenda Gihundwe. Muuguzi alikumbuka akina mama waliopewa blanketi, si wote, akatutajia milima wanakokaa. Nilibeba wembe, sindano, uzi, na kikwembe changu cha sherehe ambacho sikuwa nimekivaa hata mara tatu. Nilikikata kwa makasi yale ya zawadi, miraba kumi na miwili, saizi ile ile, ili nisimwachie mtoto wa mtu tundu. Tukatembea. Kule Rwimbogo tulimkuta mama kijana wa miaka kumi na minane hivi, akamkumbatia mtoto na blanketi yake, akafikiri tumekuja kudai msaada tuliotoa. Sikumlaumu. Mwenzangu alimweleza kwa Kinyarwanda polepole, na yule binti akakubali kwa sharti kwamba mtoto asiamshwe. Basi nilifumua mraba ule mtoto akiwa amelala juu ya blanketi, wembe wangu shubiri moja kutoka kisigino chake. Mwenzangu alinishikia kitambaa kikaze. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kushona tukiwa tumekaa pamoja.

Mpaka Gikundamvura tulifika, siku mbili za kwenda na kurudi, tukalala kwa Wakristo. Tulipata miraba saba. Nyingine ilikuwa imekwenda na wenyewe tusikokujua, na moja tuliambiwa mtoto amezikwa nayo. Hiyo hatukuiulizia zaidi.

Niliishona ile saba kwa mashini, kwangu, yeye amekaa karibu na dirisha. Nilifurahi kiasi. Nilimwonyesha nikasema, “Ona, ndege bamerudi.”

Akakigeuza kitambaa huku na huku. “Na ile upande?”

“Upande gani?”

“Penye nilichana.”

Mungu wangu. Nilikuwa nimeelezwa, na sikuwa nimeelewa. Kikwembe kile chenye ndege kiliuzwa Bukavu nzima. Miaka ile ukienda misa ungeweza kuwahesabu wanawake waliokivaa ukasahau sala. Ndege hawakuwa alama ya kitu chochote. Alama ilikuwa mchaniko, ule upogo wa meno yake, ndege aliyekatwa katikati, kichwa huku na mkia kule. Na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiondoa, kwa sababu nilifundishwa kwamba kitambaa kizuri kinaanza na ukingo ulionyooka.

Tulikimbia kwenye ukumbi tuliokuwa tunashonea. Mfuko wa mabaki madogo ulikuwa mtupu. Wenzetu walisema masera aliumimina mahali kabla ya kuondoka, au ulichomwa, hakuna aliyejua. Tulifumua mito yote miwili iliyokuwa kabatini na kupekua uzi kwa uzi. Hakuna. Alinisaidia kuyarudisha mabaki ndani na kuishona, kisha akasema tumechelewa, twende.

Mtoto aliletwa upande huu wa daraja, kwenye nyumba moja ya ofisi yenye benchi na meza. Mfanyakazi wa pale alikuwa kijana mwenye adabu, macho mekundu kwa uchovu. Akatandika nusu ya mtoto mezani, na ule mchaniko wake ulikuwa pale, wazi, mkia wa ndege bila kichwa. Akaweka miraba yetu saba pembeni. Ndege walikuwa wale wale. Akatafuta ukingo, akageuza, akatafuta tena.

“Maman, uliandikisha kwamba kuna mahali pa kuchanika.”

“Mimi nilikata,” nikasema. “Ni mimi. Nilikuwa nasawazisha.”

 Alishusha kalamu. Alituambia kwa upole kwamba kikwembe hiki wanakiona mara nyingi, kwamba mtoto hakumbuki jina la mama, kwamba aliyempata alimtoa mikononi mwa mtu mwingine naye hajulikani. Akamwuliza mwenzangu kama mtoto wake alikuwa na kovu, au alama ya kuzaliwa. Hakuwa nayo. Akasema tunaweza kusubiri. Pengine atatokea mtu mwingine, pengine hatatokea.

Mimi nilikuwa natazama vitambaa. Yeye hakuvitazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama msichana, aliyesimama kando ya benchi akiitazama nusu yake pale mezani, akiogopa kwamba hatarudishiwa.

“Mupatie nguo yake kwanza,” akasema mwenzangu.

Kijana akamrudishia. Msichana akaikunja haraka kifuani.

“Ni wangu,” akasema mama yule.

“Una hakika, Maman?”

“Ni wangu. Andika.”

Akaandika. Tulipanda barabara ya Kamembe sisi watatu, msichana nyuma yetu hatua tatu, hakutaka kushikwa mkono. Mama yake hakumlazimisha. Alitembea polepole tu, na kila baada ya kona alisimama, akijifanya anafunga kitambaa cha kichwa, mpaka mtoto afike karibu.

Nimeishi na kitu hicho kwa miaka mingi. Msichana alikua hapa, akasoma Gihundwe, akawa mchangamfu, mwenye mdomo, anajibu kama mtoto wa Bukavu mpaka mama yake akawa ananitazama mimi kana kwamba nimemfundisha. Walipendana. Lakini mara chache, tukiwa tunashona, mama yake alinipa neno moja nisiloliomba. Siku moja, “Anacheka kama marehemu mama yangu.” Mwaka mwingine kabisa, “Vidole vyake si vya kwetu.” Kisha anavuta uzi na kuendelea. Nami kila mara nilisikia makasi yangu yakipita kwenye ukanda ule wa vidole vitatu. Mtu mwingine angemnyang'anya mali. Mimi nilimnyang'anya kujua. Nilimwomba msamaha mara nyingi mno, mpaka akanikataza.

Alipochumbiwa yule binti, kikundi kiliamua kumshonea blanketi ya vipande, kubwa, ya kitanda. Aliniletea mwenyewe nusu yake ya ndege akasema, “Maman, iweke, lakini usikate.” Alikuwa anacheka. Hakujua habari ya makasi yangu. Mama yake aliniletea ile miraba saba.

Juma lile lile mlinzi wa kanisa alinipa mto wa kupigia magoti uliopasuka, nimtilie kiraka. Mito yote ile ya benchi la mbele tuliipata tangu wakati wa masera, na hatukuwahi kujiuliza aliijaza nini. Niliufumua mshono wa mwisho, nikaingiza mkono kusawazisha mabaki, na kidole changu kikakutana na kitu laini. Nikavuta. Ukatoka ukanda mrefu wa buluu, umekunjamana, upande mmoja umenyooka kwa makasi yangu, upande mwingine umechanika upogo. Palikuwa na kichwa cha ndege.

Nusu ya binti ilikuwa kwenye kikapu, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikuigusa.  Kisha niliviringisha ukanda ule ndani ya gazeti, nikachukua kikapu, nikaenda kwa mwenzangu.

Alikuwa peke yake, anachambua maharage. Alifungua gazeti. Aliupitisha ukanda vidoleni, polepole, mpaka akafika pale penye kichwa cha ndege, akapagusa kwa kidole gumba kama siku ile ya kwanza.

“Ulizilinganisha?” akauliza.

“Hapana.”

“Kweli?”

“Haki ya Mungu. Niliziogopa.”

Akachungulia kikapuni, akaona nusu ya binti imekunjwa. Nilifikiri ataichukua. Nilijua kwamba akiichukua sitaweza kutazama, na sitaweza kuondoka. Maharage machache yalimdondoka mapajani.

“Leta sindano,” akasema.

Tulitandika blanketi chini. Aliukunja ukanda ule mara nne, upande uliochanika ukiwa ndani, akauweka kati ya vipande na bitana, kwenye pembe, mbali na nusu ya binti. Nikataka kumshikia, akaniondoa mkono. Alishona mwenyewe pande zote nne, mishono midogo, imebanana, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Siku ya kumkabidhi, binti aliipapasa blanketi yote, kama kawaida yake ya kukagua kila kitu. Alipofika ile pembe akasimama. “Hapa kuko kitu. Mbona ni nene hivi?”

Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile kosa langu lisemwe mbele yake.

“Ni mama yako mukubwa huyu,” akasema mama yake, akaninyooshea kidole, “alikosea kukata.” Nilirudi na lori, yeye kwa miguu, na kabla ya hapo kamwe hakuwa ameniita ndugu yake. Kisha akamwambia binti ashike pembe ile nyingine, wakakunja blanketi.